Shauri la Mungu na Hiari ya Mwanadamu

Somo kwa waalimu, wazee wa usharika na Wakristo wote. Kwanza isomeni sura ya 27 ya Matendo ya Mitume.



Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi neno gumu, ambalo tungalipenda kuwaachia wataalamu wa vyuo, kama lisingalitufuata sisi wenyewe mpaka kaburini. Neno lenyewe ni hili: Ikiwa Mungu ajua mambo yote kabla hayajawa, na enzi yake yatawala vitu vyote, je, mwanadamu anayo hiari? Na kama anayo, mpaka wake ni wapi?

Neno hili lilitukuta Kidahwe. Wasomaji wa Kigoma na Ujiji wapajua mahali hapo. Wengine na wajue ya kuwa ni bara kidogo kutoka ziwani, pale barabara itokayo Kigoma inapogawanyika, tawi moja likienda Kasulu na tawi la pili likienda Uvinza. Watu wake hulima, hutunza michikichi na kukamua mawese. Tena vijana wake wengine hushuka pwani ya Ziwa Tanganyika siku za giza, mwezi usipokuwako, ili wavue dagaa kwa taa. Kijana mmoja alishuka hivyo, wala hakurudi hai. Upepo wa kusi uliamka usiku, boti ikajaa maji. Wenzake wawili waliokolewa na wavuvi wengine, yeye akaonekana siku ya tatu.

Tukamzika. Na pale kaburini tukasema lile neno ambalo sote hulisema: Ni shauri ya Mungu. Watu wakaitikia. Mzee mmoja akaongeza, Ajali haina kinga.

Siku ile hatukujua mambo mawili ambayo tuliyajua baadaye. La kwanza, ubao wa boti ile ulikuwa umepasuka tangu majuma mengi, na kalafati yake imetoka. Kila mtu mwaloni aliliona jambo hilo. Walipoambiwa waipandishe nchi kavu waitengeneze, walijibu ya kwamba kufa na kupona ni shauri ya Mungu. La pili tuliambiwa na mwalimu wa mtaa: marehemu aliandikwa mara mbili katika darasa la ubatizo, na mara mbili aliliacha, akisema, “Bado kidogo. Siku nitakayotaka mwenyewe nitakuja.”

Baada ya juma moja mama yake alikuja kwetu. Akasema, “Baba Mchungaji, ulisema pale kaburini ni shauri ya Mungu. Basi Mungu ndiye aliyemwua mwanangu? Na kama alijua ya kwamba atakufa kabla ya kubatizwa, je, maana yake hakumchagua?”

Twakiri mbele yenu ya kuwa siku ile hatukumjibu vema. Tulisoma Zaburi, tukaomba, akaenda zake. Ndiyo sababu ya somo hili.

Yatazameni kwanza yale maneno mawili ya kijana. Kwa habari ya boti, ambayo ubao wake aliuona kwa macho na angaliweza kuuziba kwa mikono, alisema, Ni shauri ya Mungu. Kwa habari ya moyo wake, ambao hakuna mwanadamu awezaye kuugeuza kwa nguvu zake, alisema, Nitakuja nitakapotaka. Kazi aliyopewa yeye alimrudishia Mungu, na kazi iliyo ya Mungu alijiwekea mwenyewe. Hatusemi hayo ili kumhukumu marehemu. Ndivyo tufanyavyo sote. Mtu hupewa chandarua kwa ajili ya watoto wake, naye hukishona kiwe wavu wa dagaa. Mtoto akifa kwa malaria, baba husema ni shauri ya Mungu. Lakini mwulize baba huyohuyo habari za kutubu, atakujibu kana kwamba ufunguo wa toba u mfukoni mwake, naye atautoa siku apendayo.

Hapa na tuliangalie lenyewe neno “shauri,” maana limetuponyoka. (Waalimu wa shule watatusahihisha kwamba inapasa kusema “shauri la Mungu,” nao wana haki.) Katika Maandiko, shauri la Mungu ni kusudi lake, jambo alilolikata kwa hekima na upendo kwa ajili ya wokovu wetu. Lakini sisi tuna usemi mwingine: mtu asipotaka kusikia maonyo, twamwambia, “Shauri yako!” yaani, sisi tumenawa mikono, mengine utayaona mwenyewe. Twaogopa kwamba mara nyingi tusemapo “shauri ya Mungu” msibani, twasema kwa maana hii ya pili. Tumenawa mikono, na mzigo tumemtupia Mungu. Hata neno “ajali” lina habari yake. Katika Kiarabu, ambako lilitoka, ajali ni siku ya mwisho ya mtu, ile aliyowekewa. Sisi tumelifanya kuwa jina la gari kupinduka na boti kuzama. Hivyo uzembe wa dereva na siku iliyowekwa na Mwenyezi vimekaa katika neno moja, wala masikio yetu hayatofautishi tena.

Wako Wakristo wasemao kwamba desturi hii tumeipata kwa majirani zetu Waislamu wa Ujiji, ambao huamini kadari. Tusiwasingizie. Wataalamu wao walishindana kwa neno hili karne nyingi: wengine wakishikilia ya kuwa mtu ana uwezo juu ya matendo yake, wengine ya kuwa hana uwezo wo wote, na wengine wakitafuta njia ya katikati. Tena wao wenyewe hufundisha ya kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Uvivu wa kutengeneza boti hauna dini.

Wala wazee wetu hawakuwa wageni wa enzi ya Mungu. Waha na ndugu zao Warundi walimjua Imana kuwa ndiye atoaye, na hata leo majina ya watu yakiri hivyo. Aitwaye Hakizimana jina lake lasema ya kuwa Mungu ndiye aokoaye, na aitwaye Harerimana, ya kuwa Mungu ndiye aleaye. Lakini mama aliyemwita mwanawe Harerimana hakuacha kumnyonyesha.

Sasa na tuingie katika swali lenyewe. Je, Mungu akijua jambo kabla halijawa, kule kujua kwake ndiko kunakolisukuma liwe?

Simameni usiku wa giza juu ya vilima vya Kigoma, mtaona taa za wavuvi zimeenea ziwani kama mji. Mtu aliye juu akiona taa mbili zikikaribiana, aweza kujua kwamba zitagongana kabla wavuvi wenyewe hawajajua. Lakini jicho lake halikuzisukuma. Mfano huu wafaa kwa kuanzia, ila haufiki mbali. Maana mtu wa kilimani hutazama tu, wala hawezi kuushika upepo. Lakini Mungu si mtazamaji tu: na ziwa ni lake, na upepo ni wake. Kwa hiyo na tuuache mlima, tufungue Neno.

Katika 1 Samweli 23 twasoma habari za Daudi alipokuwa ndani ya mji wa Keila, naye Sauli akimwinda. Daudi alimwuliza Bwana kama Sauli atashuka, akaambiwa, ndiyo. Akauliza kama watu wa Keila watamtoa mkononi mwa Sauli, akaambiwa, ndiyo. Angalieni alilofanya. Hakuketi chini akisema, Bwana amekwisha kujua, basi nimekufa. Aliondoka yeye na watu wake wapata mia sita, na Sauli aliposikia hayo aliacha kwenda Keila. Basi, je, Bwana alikosa kujua? Hasha. Alijua itakavyokuwa kama Daudi akikaa; alijua na mioyo ya watu wa Keila, ambao hawakulitenda tendo lile kwa sababu nafasi haikuja. Naye alimjulisha Daudi kusudi ainuke. Kule kujua kwa Mungu hakukumfunga Daudi miguu. Kulimfungulia lango la mji.

Lakini sura iliyo yetu hasa, sisi watu wa ziwani, ni Matendo 27. Paulo yu chomboni, mfungwa, pamoja na watu wengine, jumla yao 276. Majira ya kusafiri yamekwisha kupita. Paulo awaonya, akida amsadiki nahodha na mwenye chombo kuliko yeye. Upepo wa kusi wavuma kidogo kidogo, nao wadhani wamepata walilolitaka. (Mvuvi wa kwetu akisoma maneno hayo hana haja ya kuelezwa.) Ndipo tufani yashuka. Wakaza chombo kwa kamba, watupa shehena, siku nyingi hawaoni jua wala nyota, na tumaini lote la kuokoka latoweka.

Ndipo Paulo asimama kati yao na kusema kwamba malaika wa Mungu amemwambia usiku ya kuwa hapana hata mmoja atakayepotea, ila chombo tu. Basi jambo limekatwa. Mungu amesema, nani atalipinga? Lakini endeleeni mpaka mstari wa 30 na 31. Wanamaji wataka kutoroka kwa mashua ndogo, wakijifanya kwamba waenda kutia nanga. Naye Paulo, yuleyule aliyetangaza ahadi, awaambia akida na askari ya kuwa hao wasipokaa chomboni, wao hawataweza kuokoka. Askari wazikata kamba za mashua.

Tuliisoma sura hii mara nyingi kabla hatujashtuka. Kama Paulo angalikuwa na imani ya “shauri ya Mungu” kama tuitumiavyo sisi, angalisema, Waacheni waende, malaika amekwisha kusema. Lakini yeye hakuona vita kati ya ahadi na mabaharia. Mungu aliyeahidi mwisho wa safari ndiye aliyeiweka na njia ya kuufikia: mikono ya wanamaji ni mojawapo, na mkate ambao Paulo aliwasihi waule ili wapate nguvu, na mbao za chombo kilichovunjika, ambazo wasiojua kuogelea walizishika wakafika pwani. Atupaye ile mbao huku akiishika ahadi hakuielewa ahadi.

Na twaongeza neno moja, ingawa latuuma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Kilijengwa kuchukua abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Misiba ya namna hii tunaijua, tangu MV Bukoba mwaka 1996. Mchungaji aitwaye kuzika watu kama hao ana haki ya kusema kwamba Bwana alikuwapo pamoja nao majini. Hana haki ya kusema kwamba Bwana ndiye aliyewapanga abiria mia mbili na zaidi mahali pa mia moja na mmoja. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 19, lafundisha wazi ya kuwa Mungu ndiye aumbaye na kuhifadhi vitu vyote, lakini chanzo cha dhambi ni nia ya waovu, wala si Mungu. Kupakia chombo kupita kiasi kwa ajili ya fedha ni dhambi, nayo ina mwenyewe.

Mtu atauliza, Je, basi Mungu amejitenga na mabaya ya watu, akiyatazama kwa mbali? Sivyo. Tunalo shahidi ambalo kila mtu wa Kigoma amelipanda au ameliona. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915, ikatumika katika vita. Mwaka 1916 Wajerumani walipokimbia waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi waliipaka mashine yake grisi nzito kwanza, kwa kutumaini kwamba watarudi. Hawakurudi. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Na mwezi wa Mei mwaka 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walipojazana katika ufuko wa Kagunga, mlima nyuma yao na ziwa mbele yao, na kipindupindu kimeingia kati yao, ni meli hiyo iliyokwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma.

Waliounda meli hiyo waliwaza kutawala ziwa. Waliopaka grisi waliwaza kurudi. Waliiopoa watu wengine kwa faida yao wenyewe. Kila mmoja alitenda kwa hiari yake, wala hakuna aliyemlazimisha; na katika wote hakuna hata mmoja aliyeiwaza Kagunga. Hatuthubutu kusema kwamba twajua yote Mungu aliyokusudia kwa meli ile, maana ilibeba mizinga pia. Lakini twaielewa vizuri zaidi habari ya Yusufu katika Mwanzo 50:20, jinsi ndugu zake walivyomkusudia mabaya, naye Mungu, katika tendo lilelile, akakusudia mema. Yusufu hasemi kwamba ndugu zake walikuwa hawana kosa kwa sababu Mungu aliligeuza. Wala hasemi kwamba Mungu alichelewa, akaja baadaye kutengeneza walichokiharibu. Mambo yote mawili yasimama pamoja. Na pale yasimamapo kwa nguvu kuliko mahali po pote ni msalabani. Petro, katika Matendo 2:23, asema ya kuwa Yesu alitolewa kwa kusudi la Mungu alilolijua tangu mbele, na papo hapo awaambia wasikizaji ya kuwa wao walimwua kwa mikono ya watu wabaya. Hakuwapa nafasi ya kujibu, Ilikuwa shauri ya Mungu.

Mpaka hapa tumesema habari za mambo yaliyo chini yetu: boti, dawa, shamba, kura, fedha. Katika mambo hayo Kanisa letu lakiri, katika sehemu ya 18 ya Ungamo lilelile, ya kuwa mwanadamu anayo hiari kwa kiasi fulani, na aweza kuchagua yale ambayo akili yake yayafahamu. Sasa twapanda kwenye mambo yaliyo juu yetu, na hapa njia ni nyembamba.

Mwaka 1524 mtaalamu mkuu Erasmus wa Rotterdam alitoa kitabu cha kutetea hiari ya mtu. Alisema, kwa upole mwingi, kwamba lazima mtu awe na nguvu kidogo ya kujielekeza mwenyewe kwenye mambo ya wokovu au kuyaacha. Kama sivyo, amri za Mungu zina maana gani? Luther alimjibu mwezi wa Desemba 1525 kwa kitabu cha hiari iliyofungwa. Alimshukuru Erasmus kwa jambo moja: kwamba hakumsumbua kwa maneno ya pembeni, habari za Papa na vyeti vya msamaha, bali aliushika mzizi. Naye akamwambia kwamba mtu ana uhuru juu ya vilivyo chini yake, lakini mbele ya Mungu, kwa habari ya wokovu, nia yake ni kama mnyama apandwaye: akipandwa na Mungu huenda atakako Mungu, akipandwa na Shetani huenda atakako Shetani, wala hawezi kujichagulia mpandaji.

Neno hili lawakwaza wengi. Lakini kabla ya Luther lilisemwa na Mwafrika, Agostino, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria, akafa askofu wa Hippo mwaka 430. Yeye alipigana na mafundisho ya Pelagio, kwamba mtu aweza kuishi kwa haki kwa nguvu za asili yake. Na baraza la Karthago la mwaka 418, katika bara letu hilihili, liliyakataa mafundisho hayo. Agostino hakuyajua hayo kwa vitabu tu. Alikuwa ameomba ujanani mwake apewe usafi wa moyo, lakini si upesi. Yeye pia alisema “bado kidogo.” Aliujua kwa mwili wake mwenyewe moyo utakao na usiotaka kwa wakati mmoja, wala hakuweza kuufungua mpaka Mungu alipoufungua kwa Neno.

Ndiyo sababu lile neno, “nitakuja nitakapotaka,” ni la hatari kuliko ubao uliopasuka. Mwenye kulisema adhani kwamba kule kutaka atakuwa nako siku zote, kama maji ya ziwa. Lakini kutaka kwenyewe ni kipawa. Siku ambayo Neno lamchoma mtu, naye ajisikia kutaka, siku hiyo si yake. Roho yu kazini. Someni Wafilipi 2:12 na 13, ambapo Mtume awahimiza watu wautimize wokovu wao, na sababu anayowapa ni hii, kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Hakusema, Mungu atenda, basi laleni.

Sasa, kama imani ni kazi ya Mungu, mbona wengine huamini na wengine hawaamini? Hapa ndugu zetu wa namna mbili wameona vigumu kuvumilia giza. Baadhi ya Wareformati, waliofuata njia ya Calvin na mkutano wa Dordrecht wa 1618 na 1619, walijibu ya kuwa Mungu kwa shauri lake la siri aliwachagua wengine wapate uzima, na wengine akawapita. Wafuasi wa Arminius walijibu ya kuwa Mungu aliwachagua wale aliowaona tangu mbele kwamba wataamini. Majibu yote mawili yamenyoka kama rula. Lakini la kwanza lapata shida mbele ya 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu ataka watu wote waokolewe, na mbele ya machozi ya Bwana juu ya Yerusalemu. La pili lauweka mwanzo wa wokovu moyoni mwa mtu, si katika neema.

Mababa zetu, katika Mapatano ya mwaka 1577, sehemu ya 11, walikataa kunyoosha. Walitenganisha mambo mawili ambayo mama yule wa Kidahwe, na sisi pamoja naye, tuliyachanganya. Kujua tangu mbele ni jambo moja: Mungu ajua mema na mabaya pia, wala kujua kwake si sababu ya mabaya, bali huyawekea mpaka yasipite. Kuchagua ni jambo la pili: hako kuchagua kwa mauti, kuna kuchagua kwa uzima tu, katika Kristo, nako ndiko sababu ya wokovu wetu. Aokokaye ameokolewa na Mungu. Apoteaye amepotea kwa kukataa kwake. Na mtu akiuliza mambo hayo mawili yaungana wapi, twajibu kwamba hatukufunuliwa. Luther mwenyewe, uzeeni mwake, alipofundisha kitabu cha Mwanzo, aliwaonya wanafunzi wasipande kwenda kuchungulia shauri lililofichwa, bali washike lililofunuliwa: hori la Bethlehemu, msalaba, ubatizo, meza ya Bwana. Huko ndiko mtu ajuako kama amechaguliwa.

Waalimu wengine wameuliza kama kuna faida kuomba, ikiwa Mungu ajua yote. Twawaelekeza Mathayo 6:8 na 9. Bwana awaambia wanafunzi kwamba Baba ajua haja zao kabla hawajaomba, na katika mstari ufuatao awafundisha kuomba. Kwake neno la kwanza lilikuwa sababu ya la pili.

Tulirudi Kidahwe baada ya miezi miwili. Mama yule alikuwa akichambua chikichi nyuma ya nyumba, akatuletea kiti. Tulimwambia kwanza ya kwamba twataka kuliondoa neno tulilolisema kaburini, kwa maana tulilisema bila kujua. Mungu hakuupasua ule ubao. Alijua umepasuka, naye kwa vinywa vya wavuvi wengine alimwonya mwanawe majuma mengi, kama alivyomwonya akida kwa kinywa cha Paulo.

Akanyamaza. Kisha akasema, “Na lile la pili, Baba Mchungaji?”

Tukamwambia ya kuwa hakuna daftari la wasiochaguliwa, wala mahali palipoandikwa kwamba Mungu hakumtaka mwanawe. Mungu alimtaka, ndiyo maana alimwita mara mbili darasani. Ubatizo si jambo la kuchezewa, na kuuahirisha kwake lilikuwa kosa, hatukumficha hilo. Lakini Maandiko yanenapo habari za hukumu, katika Marko 16:16, yamtaja asiyeamini, si asiyewahi kubatizwa. Neno alilolisikia katika darasa lile lilikuwa Neno la kweli lenye nguvu, na hatujui lilimfanyia nini usiku ule majini. Tumelikabidhi kwa yeye aliyemfia.

Alilia, nasi hatukumzuia. Alipokwisha alijifuta uso, akasema, “Mdogo wake naye amekwenda mwaloni tangu juzi. Boti ni ileile, wameitoa majini wakaipigilia kipande cha bati. Mimi hanisikii. Nendeni ninyi mkamwambie.”

Tukaondoka na mwalimu wa mtaa jioni ileile, tukashuka Ujiji.